Vincent van Gogh: luga ine, mugodi moja

Watu wengi wakisikia jina la Vincent van Gogh wanawaza kwanza sikio lake, kisha yale maua ya manjano, kisha bei. Picha zake leo zinauzwa kwa pesa ambayo sisi wa mugodi hatuwezi hata kuihesabu. Lakini kuko mambo mawili katika maisha yake yanayotugusa siye watu wa Katanga kupita sikio na kupita bei. La kwanza: huyu mtu alishuka mu shimo la makaa ya mawe huko Ubelgiji, mita 700 chini ya udongo, wakati hakuna aliyemjua. La pili: alikuwa mtu wa kujifunza luga tangu utoto mpaka mwaka wa kufa, na Kingereza alikishika kwa njia ya picha na vitabu. Juu ya hayo mawili njo tunaandika leo.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 ku Zundert, kijiji cha kusini mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Baba yake Theodorus alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, mwenye kanisa ndogo na watoto mingi. Ndugu yake Theo, aliyemfuata kwa miaka ine, njo atakuwa mtu wa maana kupita wote katika maisha yake, tutamrudilia. Masomoni walimufundisha Kifaransa, Kingereza na Kijeremani, sababu nchi ndogo kama ile haiwezi kuuza kitu kwa jirani bila luga ya jirani. Mwaka 1868, katikati ya mwaka wa masomo, aliacha kalasi akarudi nyumbani. Hakupata deplome. Mambo yote aliyojua nyuma ya pale aliyatafuta yeye mwenyewe.

Mwaka 1869, akiwa na miaka 16, ndugu mmoja wa baba yake alimwingizia ku kampani ya Goupil, wauzaji wa picha, mu mji wa Den Haag, ule tunauita kwa Kifaransa La Haye. Mwaka 1873 wakamutuma London. Hapo Kingereza cha kitabu kikakutana na Kingereza cha watu. Mchana alikuwa anauza picha, jioni anasoma. Alinakili kwa mkono mashairi ya Keats na kuyatuma kwa rafiki zake wa Den Haag. Kunakili ni kazi ya pole, lakini mkono unajifunza kitu ambacho jicho linapita mbio: neno gani linakuja mbele ya lingine. Tena kila juma alikuwa anaenda kusimama mbele ya dirisha la wachapaji wa gazeti The Graphic na lile la Illustrated London News, kuangalia michoro mipya iliyotundikwa pale. Michoro ile haikuwa ya wafalme tu. Ilionyesha maskini wanaongoja mahali pa kulala, wazee, wafungwa, wavuvi, watu wa kazi. Kila mchoro ulikuwa na maneno yake ya Kingereza chini.

Biashara ikamushinda. Alihamishwa Paris mwaka 1875, na mwezi wa Aprili 1876 kampani ikamuachisha. Akarudi Uingereza, safari hii kama mwalimu, ku Ramsgate, kando ya bahari. Masomo ilikuwa ya bwana mmoja, na watoto 24 tu, wa miaka 10 mpaka 14. Vincent aliwafundisha mwanzo wa Kifaransa, hesabu kidogo, na kuwasomea maneno ili wayaandike. Malipo yalikuwa chakula na kitanda. Mshahara, hapana hata franga moja. Siye wa sendika tukisoma mambo hayo tunakuna kichwa: mwalimu wa miaka 23, mwenye luga ine, anafanya kazi juu ya sahani ya supu. Nyuma akapata nafasi ingine ku Isleworth, karibu na London, kwa mchungaji Slade-Jones, na pale njo alianza kupenda kuhubiri.

Mwaka huo huo wa 1876 alisimama mara ya kwanza mu kanisa la Wamethodisti ku Richmond, akahubiri kwa Kingereza. Kisha akaandika mahubiri yote, palepale kwa Kingereza, mu barua kwa Theo. Kwa hiyo tunajua alisema nini. Alianza na Zaburi ya 119, pale mtu anaposema ni mgeni duniani, na akafika ku picha moja aliyoiona, ya mchoraji Boughton: njia inayopanda mlima jioni, msafiri amechoka, anauliza kama njia ni ya kupanda mpaka mwisho. Picha ile aliibadilisha kidogo kichwani mwake, haikuwa hivyo kabisa. Na Kingereza chake kilikuwa na harufu ya Kiholanzi, sentensi zingine ndefu, vitendo vingine si mahali pake. Lakini watu walimuelewa. Alitumia picha sawa vile mtu anatumia fimbo ku njia mbaya: neno likikosekana, anaegemea ile anayoiona.

Hapa turuhusiwe kusimama kidogo, sababu njo kisa cha kumleta huyu mtu mu gazeti. Siye, katika sendika, tuko na kalasi ya Kingereza jioni, mara mbili kwa juma, kwa wafanya kazi wa mugodi. Zamani mkubwa alisema Kifaransa na kapita alisema Kiswahili, ikaisha. Leo makaratasi mingi yanakuja kwa Kingereza: kontra, kitabu cha mashini, tangazo la usalama. Kitabu cha sarufi kikiwa kitupu kinaleta usingizi kwa mtu aliyetoka ku kazi ya usiku. Basi tunasoma habari fupi za wachoraji, na Van Gogh njo wa kwanza, tukiwa na picha moja mbele yetu. Ku picha tunazoeza wakati uliopo: mama anabeba gunia, mwanaume anainama. Ku maisha yake tunazoeza wakati uliopita: alizaliwa, alishuka, alichora. Kiswahili kinatusaidia pale, sababu kinatenga vizuri aliyeshuka na aliyekwisha kushuka. Kingereza pia kinatenga, na ku mugodi tofauti hii si ya kuchezea. Fulani alishuka asubuhi: labda amekwisha kupanda. Fulani ameshuka: bado yuko chini, musiwashe baruti.

Kitu kingine kinachotusumbua siye tuliolelewa na Kifaransa ni neno la lazima. Kingereza kina namna mbili za kulikana. Moja inakataza kabisa: usifanye. Ingine inasema tu hulazimishwi, ukitaka fanya. Mtu akizichanganya, anageuza katazo kuwa ruhusa. Ku kampani moja tangazo lilitundikwa ku mlango wa njia ya chini, juu ya kuingia nyuma ya kulipua, na ekipe nzima ilisimama pale ikibishana kama inakatazwa ao inaachiwa kuchagua. Hakuna aliyekufa siku ile. Lakini tangu pale hakuna anayetuuliza tena sarufi ni ya nini.

Turudi kwa Vincent. Mwanzo wa mwaka 1877 alifanya kazi mu duka la vitabu ku Dordrecht. Wale waliokuwa naye walishuhudia nyuma kwamba, badala ya kuandika hesabu za duka, alichukua Biblia na kuigeuza kwa Kifaransa, Kijeremani na Kingereza, katika mistari ya kusimama, kila luga kando ya mwenzake na Kiholanzi pembeni. Bwana wa duka hakufurahi, na tunamuelewa. Lakini kama njia ya kujifunza, hatujaona nzuri kupita ile: unachukua maneno unayoyajua kwa moyo, unayaweka kando ya yale usiyoyajua, na sentensi yenyewe inakuonyesha kila luga inakunja wapi na inanyoosha wapi. Biblia ya Kiswahili na ya Kingereza haikosekani mu nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi.

Alitaka kuwa mchungaji kama baba yake. Ku Amsterdam wakampa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, Mendes da Costa. Luga zile hazikuingia. Nyuma ya mwaka moja hivi aliacha. Watu wengine wanasema akili ilimkosea. Sisi tunaona ingine. Luga za watu aliowasikia alizipata zote. Zile za watu waliokufa zamani, zenye hazingemusaidia kuongea na maskini wa karibu, hakuona sababu. Alijaribu tena masomo ya wahubiri ku Bruxelles, miezi mitatu ya kupimwa, hawakumkubali.

Basi, mwisho wa mwaka 1878, alienda mwenyewe mu Borinage, nchi ya makaa ya mawe karibu na mji wa Mons, Ubelgiji. Wazee wetu waliofanya kazi na Wabelgiji walisikia jina lile. Alilala kwanza Pâturages, kisha Wasmes. Mambo ya luga yakaanza upya: wachimba mugodi walisema Kifaransa chao, mbio mbio, chenye mgeni hakikamati. Vincent aliona kwamba wale wanaelewa Kifaransa cha kawaida kama mtu anakisema kwa haraka, sababu haraka ile inakifanya kifanane na chao. Akaongeza mbio. Hii ni hekima ya mtu anayesikiliza. Wageni mingi wanaofika kwetu wanafanya kinyume: tukikosa kuwaelewa wanapaza sauti.

Mwezi wa Januari 1879 walimpa kazi ya mhubiri kwa muda wa miezi sita, franga 50 kwa mwezi. Mwezi wa Aprili alishuka mu mugodi wa Marcasse, moja ya migodi ya zamani na ya hatari ya pale, wenye sifa mbaya juu ya gesi, maji na mawe ya kuanguka. Alikaa chini saa sita. Mtu aliyemuongoza alikuwa amefanya kazi pale miaka 33. Vincent aliandika yote kwa Theo, na siye tuliosoma barua ile tunasema wazi: hakuna mwandishi aliyeshuka siku moja tu na akaona mingi vile. Aliona ngazi tano za mugodi, tatu za juu zimekwisha makaa. Aliona vyumba vidogo vilivyopangana, kila kimoja na mtu mmoja mwenye nguo ya gunia, mweusi wa vumbi, anapiga mwamba ku mwanga wa taa ndogo. Mu vyumba vingine mtu anasimama, mu vingine analala chini ya mawe. Aliona maji yanavuja. Aliona watoto, wavulana na wasichana, wanajaza makaa mu vigari. Aliona zizi la farasi wazee saba hivi, mita 700 chini. Na alipoangalia juu toka chini ya shimo, mwanga wa mchana ulibaki mdogo kama nyota.

Tarehe 17 Aprili 1879, karibu na pale, mu Frameries, gesi ililipuka ku mugodi wa Agrappe. Watu 121 walikufa. Vincent alisaidia kuuguza walioungua. Alipasua nguo zake kufunga vidonda. Alikwisha kugawa mavazi yake na pesa yake, akahama chumba kizuri, akalala ku majani makavu. Wakubwa wa kanisa walikuja kuangalia, wakaona mhubiri mchafu kama mchimba mugodi, hawakupenda. Mwezi wa saba hawakurudisha kontra. Sababu waliyoandika ni kwamba hana kipaji cha kusema mbele ya watu. Inawezekana kwamba hakujua kusema vizuri. Lakini kati ya mhubiri wa maneno matamu na ule anayefunga kidonda na shati lake, watu wa mugodi walijua kuchagua, na hakuna aliyewauliza.

Alibaki tu, bila kazi, mu kijiji cha Cuesmes, ndani ya nyumba ya mchimba mugodi. Alisoma Dickens. Kati ya vitabu vile kulikuwa Hard Times, habari za mji wa viwanda na mfanya kazi maskini, Stephen Blackpool, mwenye anasukumwa na mabwana na kuachwa na wenzake. Alisoma Shakespeare, Victor Hugo, na kitabu cha Beecher Stowe juu ya watumwa wa Marekani. Karibu mwaka mzima hakumwandikia Theo. Mwezi wa Juni 1880 akaandika barua ndefu sana, na aliiandika kwa Kifaransa, si kwa Kiholanzi cha mama yao. Sisi tunafikiri kwamba kuko mambo ya haya yenye mtu anasema rahisi zaidi kwa luga ya kujifunza. Mtu aliyekwisha kuomba deni kwa Kifaransa anatuelewa.

Katika mwaka huo wa 1880, akiwa na miaka 27, aliamua kuwa mchoraji. Na angalia vile alivyojifunza. Alichukua masomo ya Charles Bargue, karatasi za michoro ya kunakili toka rahisi mpaka ngumu, akazinakili zote, moja moja. Tena na tena. Aliponakili Keats ku London, alipopanga Biblia mu mistari ine, na sasa ku meza ya jikoni Cuesmes, ni kazi ileile moja: fuata mwenye kujua, mstari kwa mstari, mpaka mkono uache kuuliza. Kati ya michoro yake ya kwanza kuko wachimba mugodi, wanaume kwa wanawake, wanaenda ku kazi asubuhi mu theluji. Miguu si mizuri, vichwa vikubwa kidogo. Lakini ule mwendo wa asubuhi, migongo ile, sisi tunaitambua.

Ku Den Haag, mwanzo wa mwaka 1883, alipata kununua vitabu 21 vya The Graphic vilivyofungwa pamoja, miaka kumi ya gazeti lile alilosimamia dirishani akiwa kijana. Hakuwa na pesa ya chakula, alinunua. Alikata michoro, akaibandika ku karatasi ngumu, Luke Fildes, Herkomer, Frank Holl, na akasoma maneno yao pia. Yale Herkomer aliyoyasema kwa Kingereza juu ya kazi ya wachoraji wa gazeti lile, Vincent aliyaandika tena mu barua yake. Kwa hiyo darasa lake la uchoraji lilikuwa pia darasa lake la Kingereza, na mwalimu alikuwa gazeti la zamani. Alitaka picha ambazo mfanya kazi anaweza kutundika ndani ya nyumba yake kwa bei ndogo.

Miaka iliyofuata inajulikana, tupite haraka. Mwaka 1885 ku Nuenen alichora jamaa ya wakulima wanaokula viazi, mikono yao yenye rangi ya udongo. Mwaka 1886 alifika kwa Theo ku Paris, akajifunza rangi za wazi, na alimwandikia mchoraji Mwingereza Livens barua kwa Kingereza. Mwaka 1888 alishuka Arles, kusini mwa Ufaransa. Toka pale pia alimwandikia kwa Kingereza Russell, mchoraji wa Australia. Desemba ile ugonjwa wa kichwa ulimkamata, habari za sikio mnazijua.

Mwezi wa tano 1889 aliingia mwenyewe ku hospitali ya Saint-Rémy, na pale alikaa mwaka moja. Aliomba Theo amtumie Shakespeare. Theo alituma vitabu vyote vya Shakespeare ndani ya kimoja, toleo la bei ya chini, la kuuzwa shilingi moja. Vincent alishukuru na akaeleza faida: kitamsaidia asisahau kile kidogo cha Kingereza anachojua. Alianza na zile za wafalme ambazo hakujua vizuri, Richard II, Henry IV, Henry V. Ni mtu mwenye akili inamtoroka siku zingine, mwenye hajui kama atatoka, na bado anahangaika na Kingereza chake. Hakuna aliyekuwa anamlipa juu ya ile, hakuna mtihani. Mwaka 1890, alipochora mama wa Arles aliyekaa ku meza, mbele yake aliweka vitabu viwili: kile cha Beecher Stowe na hadithi za Noeli za Dickens.

Mwezi wa tano 1890 alihamia Auvers-sur-Oise, karibu na Paris. Tarehe 27 Julai alijipiga risasi, na tarehe 29 alikufa, Theo akiwa kando yake. Alikuwa na miaka 37. Theo naye alikufa mwezi wa Januari 1891, akaacha mke, Johanna, na mtoto mchanga, na nyumba yenye kujaa picha ambazo hakuna aliyezitaka.

Huyu Johanna, watu wanamsahau. Kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu wa Kingereza. Alipobaki mjane alifungua nyumba ya wageni ili alishe mtoto, na usiku alikuwa anasoma barua za shemeji yake na kuzipanga kwa tarehe. Mwaka 1914 alizitoa kwa kitabu. Kisha akaanza kuzigeuza kwa Kingereza, yeye mwenyewe, sababu alijua Marekani na Uingereza hawatasoma Kiholanzi. Alifika ku barua zaidi ya 500. Mwaka 1925, alipokufa, kazi ile ilikuwa bado ku meza, na wengine waliimaliza nyuma yake.